Una Lingine?

Hakuna mtu wa kwetu atakayekuambia kwamba Koplo alikula rushwa. Wa kwanza kumsifu watakuwa wale wale aliowaumiza, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Watakuambia hakuchukua hata yai. Watakuambia hakumzaba mtu kofi, hakulewa kazini, wala hakuwatania wasichana waliokwenda kuripoti kupotea kwa vitambulisho vyao. Yote ni kweli. Nayakubali, halafu naongeza langu: nilimchukia mtu huyo kuliko polisi wote waliokula.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, nyumba ya mabati kando ya barabara ya vumbi iendayo soko la Kiritiri, huku chini Mbeere ambako watu hufuga mbuzi, hupanda ndengu na mtama, na mvua ikikataa huchoma makaa. Jina la Koplo naliacha. Koplo alisimama kwenye kaunta ya chumba cha mbele sehemu kubwa ya miaka ya tisini. Wakubwa wake walikuja wakahamishwa, vijana wa chini yake wakaja wakahamishwa, yeye akabaki pale pale kati ya simu isiyolia na kalenda ya mwaka jana. Alikotoka sikujua. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha mtu aliyekinywa na maziwa ya mama, na sisi tuliokutana nacho darasani tulikuwa tukipanga maneno kichwani njia nzima ili tusiaibike mbele yake.

Na tulikuwa na mengi ya kumuuliza. Watu wa mjini hudhani mwananchi huenda polisi kushtaki. Kwetu watu walienda kuuliza. Kitambulisho kikiliwa na mchwa, nianzie wapi? Dhamana ya polisi inalipiwa? Mtoto wangu amekamatwa na gunia la makaa, naweza kumpelekea chakula? Nikimwona mbuzi wangu sokoni kwa mtu mwingine, naruhusiwa kumkamata, ama nitaitwa mwizi? Mume wangu hajarudi tangu sikukuu, nitasubiri mpaka lini ndipo niseme amepotea? Maswali ni yale yale, wiki hadi wiki, na Koplo aliyasikiliza yote akiwa amesimama wima, viganja juu ya kaunta, bila kumkatiza mtu.

Kisha alijibu ulichouliza. Hicho tu. Hakukupunguzia, hakukuongezea. Akimaliza alikutazama usoni, akasema, "Una lingine?"

Lilikuwa swali la heshima, hata sasa siwezi kulisema vibaya. Lakini mtu aliyetoka nyumbani jua likichomoza, aliyerudia sentensi moja njia nzima mpaka ikamkaa mdomoni, hana lingine. Sentensi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Akishajibiwa anaona aibu kuendelea kusimama, nyuma yake kuna watu. "Hakuna, afande," anasema, anatoka, na akifika kwenye lango ndipo anagundua kwamba jibu alilopewa halimfikishi popote.

Jirani yetu mmoja, mke wa fundi wa baiskeli, alikwenda huko siku moja shavu limevimba. Aliuliza, "Afande, naweza kushtaki bwana yangu?" Koplo akamwambia anaweza. Una lingine? Hakuna. Mama yule alirudi nyumbani amejaa nguvu, akamwambia mumewe kwamba serikali imemruhusu, na kwa hilo akapigwa tena. Aliporudi kituoni kushtaki hasa, uso ulikuwa umepoa, na Koplo akamweleza kwamba alihitaji fomu ya P3, ijazwe na daktari alama zikiwa bado zinaonekana. Fomu hizo zilikuwa pale siku ya kwanza, chini ya kaunta, karibu na goti lake.

Mzee mmoja wa ukoo wetu naye alikuwa amesikia kwenye redio habari za mikutano kuvunjwa, kwa maana miaka ile ya mwanzo wa vyama vingi kila mkusanyiko ulitazamwa kwa jicho baya. Akaenda kuuliza kama mkutano unahitaji leseni. Koplo akasema mkutano wa hadhara unahitaji leseni. Mzee akarudi akawatawanya watu waliokuja kupatanisha ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, mbuzi wa kuchinja akafunguliwa kamba. Ndugu wale walikuja kukatana na panga kabla ya mavuno. Nilimsikia mtu akimlaumu Koplo kwa hilo waziwazi sokoni, na mwingine akamjibu, "Lakini si alijibiwa? Si Koplo alisema mkutano wa hadhara? Huyo mzee ndiye hakuuliza vizuri." Ndivyo alivyotufundisha, tukajilaumu wenyewe.

Nisije nikamfanya jiwe, hata hivyo. Mtu yule alikuwa na mambo yake mazuri na nimeyaona kwa macho yangu. Viatu vyake ving'ae namna ile katika vumbi lile, sijui aliwezaje. Kila asubuhi alifagia kituo mwenyewe, ingawa walikuwapo vijana wa cheo cha chini. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiingia, aliwainua wanaume kwenye benchi kwa kidole. Kulikuwa na mfanyabiashara wa makaa aliyeweka paja la mbuzi juu ya kaunta, limefungwa kwa gazeti, akijifanya amelisahau. Koplo alitoka nalo hadi barabarani akalitundika kwenye kioo cha lori la yule bwana, watu wote wakiona. Vijana wake walinuna siku nzima kwa sababu ya nyama ile.

Vijana hao ndio waliokuwa wakituambia, "Mathe, leta kitu ya chai tumalizane, hiyo story ya sheria ni ndefu." Tuliwadharau. Lakini niseme ukweli mchungu: ukimpa kijana chai yake, alikuambia yote. Alikuambia uende kwa nani, ubebe nini, usiseme nini. Kwa Koplo hukutoa kitu na hukupata kitu. Alikuwa ameosha mikono yake safi kabisa, akaiweka juu ya kaunta tuitazame.

Mara moja tu nilimsikia akijieleza. Ilikuwa mchana wa jua kali, amekaa nyuma ya kituo karibu na mstari wake wa sukuma wiki, anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Nitaeleza baadaye nilikuwa nafanya nini huko. Alisema zamani, katika kituo kingine, alikuwa na cheo cha sajini. Mwanamke alikuja kumuuliza jambo dogo, akamhurumia, akampa ushauri mkubwa. Mambo yakaharibika, mume akaja kulalamika kwa wakubwa, na mwanamke alipoulizwa nani alimtuma akamtaja yeye. "Nilivuliwa mstari wa cheo mbele ya gwaride," alisema. "Tangu hapo mimi hujibu swali. Ushauri watu wautafute kanisani." Akamwaga majani ya chai kwenye shina la sukuma, akaingia ndani.

Nilimhurumia siku ile kwa muda mfupi. Sikujua kwamba huko kujibu swali tu ndiko alikokuwa akitufanyia sisi wakati huo huo.

Sasa nifike kwenye mbuzi.

Mama yangu alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa mbuzi. Hakuwa akiwafuga tu, alikuwa akiwakusanya. Ndugu yangu mkubwa, Njeru, alikuwa amempata msichana wa Kibugu, juu kabisa karibu na msitu wa Mlima Kenya, ambako watu wana majani chai na ng'ombe wa maziwa na hututazama sisi wa chini kana kwamba tumekuja kuomba maji. Msichana aliitwa Wanja. Alimpenda Njeru wetu, na wazee wake walikuwa wamekubali kwa shingo upande, mradi mbuzi wa ruracio, yaani mahari, wafike kabla ya mvua za Novemba. Mama aliwachagua mmoja mmoja, majike wazuri, akawatia alama yetu masikioni. Alikuwa akiwaita kwa majina na kuwaambia wataenda kuishi mahali penye nyasi.

Waliibwa mchana mtoni. Jioni hiyo hiyo lori lilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na chini ya magunia ya makaa wakakutwa mbuzi wetu wote, wamefungwa midomo. Wezi wakawekwa ndani. Tulipopata habari mama alikimbia hadi kituoni, na mbuzi walipoisikia sauti yake wakaanza kulia. Koplo mwenyewe alimpeleka kuwatambua. Aliyatazama masikio, akatazama alama, akasema ameridhika kwamba hawa ni mbuzi wake.

Mama akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Sasa afande, mimi nachukua mbuzi yangu naenda?"

"Hapana, mama. Hawa sasa ni eksibiti."

"Hiyo eksibiti ni nini?"

"Ni ushahidi wa kesi. Watakaa hapa mpaka hakimu awaone."

"Na kesi itaisha lini?"

"Siku hakimu atakapoimaliza."

Akatutazama. "Una lingine?"

Mama alinigeukia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nangoja kuitwa chuo, na katika familia mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa najua mambo ya ofisi. Sikujua chochote zaidi yake. Nikatikisa kichwa, na mama akasema hakuna.

Kesi iliahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mara hakimu ana mafunzo, mara shahidi ambaye ni polisi amehamishwa, mara gari la kuwaleta washtakiwa limekosa mafuta. Mbuzi wakabaki kwenye boma la miiba nyuma ya kituo, na kwa kuwa serikali haikuwa na fungu la kulisha mbuzi, mama ndiye aliyewalisha. Kila siku tulitoka nyumbani na mafungu ya majani kichwani na maganda ya mgunga kwenye kikapu, tukaenda kulisha mbuzi wetu wenyewe kwa polisi, halafu tukawaacha huko. Watu walituzoea wakawa wanatuita watu wa eksibiti. Koplo alituachia tupite nyuma bila kutusumbua, na siku ambazo mama aliumwa yeye mwenyewe alichota maji na kuwanywesha. Nasema aliwanywesha kwa mikono yake, ameikunja suruali ya kazi hadi magotini. Kulisha mbuzi huko ndiko kulikonipeleka nyuma ya kituo siku ile nilipomkuta kwenye sukuma yake.

Novemba ikakaribia, na wazee wa Kibugu wakataka kujua mbuzi wako wapi. Njeru akawajibu ukweli, kwamba wako polisi. Neno hilo halikusikika vizuri huko juu. Baba mdogo wa Wanja, mtu mwenye koti la sufi na mashaka mengi, akaona ateremke ajionee mwenyewe. Hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta.

Tuliyapata maneno yenyewe kutoka kwa mama muuza ndizi aliyekuwa kwenye benchi akingoja zamu yake. Yule mzee aliuliza, "Hapa kuna mbuzi ya mtu anaitwa Njeru?" Koplo akasema wapo mbuzi wa familia hiyo. "Ni kweli wamewekwa hapa kwa kesi ya wizi?" Koplo akasema ni kweli. Una lingine?

Mzee wa Kibugu alisema hakuna, akashukuru, akapanda kurudi kwao. Hakuuliza nani alimwibia nani. Na Koplo, aliyeyashika masikio ya mbuzi wale kwa vidole vyake, aliyemjua mama yangu kwa jina, hakuona sababu ya kumwambia.

Ujumbe ulikuja kupitia kwa mwinjilisti. Ulikuwa na maneno ya upole, kama yalivyo maneno ya aina hiyo: kwamba familia imeomba sana na kuona heri mambo yasimame. Njeru alipanda Kibugu kueleza, akarudishwa langoni. Alipanda mara nyingine pamoja na mzee wa kanisa, wakaambiwa Wanja yuko kwa shangazi yake Meru. Mama alikwenda kituoni akamwomba Koplo aandike barua kusema kwamba sisi ndio tulioibiwa. Koplo akasema barua kama hiyo si kazi ya kituo, lakini kama wazee hao wangekuja kumuuliza angewajibu. Aliahidi hilo kwa dhati. Hawakuja kuuliza tena, kwa nini waje? Wanja aliolewa huko huko juu na mtu wa majani chai kabla ya Krismasi.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa kabisa. Majani ya kukata yakatuishia, mgunga ukakauka hadi vijiti, na mbuzi nyuma ya kituo wakaanza kupungua. Kila mmoja alipokufa Koplo alimpa mama habari mwenyewe. Alitoka nyuma ya kaunta, akavua kofia, akamwambia kana kwamba anampa pole ya msiba. Hakumdanganya hata mara moja. Siku moja mama alikuta Kambura hayupo, jike lake la rangi ya majivu, lenye afya kuliko wote.

"Amekufa na njaa?" mama akauliza.

"La, mama."

"Ugonjwa?"

"La."

Wiki hiyo mkubwa kutoka wilayani alikuwa amekitembelea kituo, na harufu ya nyama choma ilikuwa imefika hadi sokoni. Mama alisimama kidogo. Koplo alikuwa anangoja, kofia mkononi, na nina hakika angemjibu kama angeuliza la tatu. Mama hakuliuliza. Alichukua kikapu chake akaenda kulisha waliobaki, nami nikabaki nikimtazama mtu yule mwaminifu mpaka akavaa kofia yake.

Halafu fahali wa Mzee Nyaga akaibwa. Nyaga ni jirani yetu ng'ambo ya korongo. Fahali alipatikana, akapelekwa kituo kile kile kuwa eksibiti, na baada ya siku chache tukamwona yuko malishoni kwake anatafuna. Mama alidhani kesi imeisha. Nyaga akacheka akasema haijaanza hata. Mkwe wake alifanya kazi kwa wakili huko Embu, naye ndiye aliyemwambia aende kwa hakimu, aombe mnyama apigwe picha, apewe amtunze nyumbani mpaka siku atakapohitajika. Hakimu alikubali bila shida.

Mama alichota maji akaoga, akafunga kitambaa chake cha Jumapili, akaniambia, "Igoki, twende."

Kituoni kulikuwa na watu. Mama hakungoja zamu.

"Afande. Ng'ombe ya Nyaga imerudi kwake."

"Imerudi, mama."

"Hata mbuzi yangu ingerudi?"

"Ingeweza. Kwa ruhusa ya hakimu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilisikia mtu kwenye benchi akivuta pumzi. Mama alikuwa ameishika kaunta kwa mikono miwili. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama," Koplo akasema. Hakuwa akimdhihaki, ingekuwa nafuu. Aliongea taratibu, kama mtu anayetetea kazi aliyoifanya vizuri. "Uliuliza kama unaweza kuwachukua wakati ule, nikakwambia hapana. Uliuliza kesi ni lini. Uliuliza kama wamekula. Yote nilikujibu, na kila siku nilikuuliza kama una lingine."

Ni kweli, alimuuliza. Na hapo kwenye kaunta, kwa mazoea tu, lilimtoka tena. "Una lingine?"

Mama aliiachia kaunta, akasimama wima. Kisha akasema, "Niko nalo. Ni nini ingine sijauliza?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Koplo aliangalia pembeni, kwenye kalenda. "Hilo si swali la polisi, mama," akasema.

Mbuzi waliobaki tuliwapata kwa ruhusa ya hakimu, jike kizee na mwanawe mmoja aliyezaliwa huko huko polisi, ambaye mpaka anakufa aliogopa malisho. Njeru alikuwa ameshaondoka kwenda Mwea kulima mpunga wa watu. Hajaoa. Akija nyumbani hukaa kidogo, hurekebisha paa, na mtu akitaja Kibugu hutoka nje. Mama hakufuga tena. Alisema hawezi kumwita mbuzi jina halafu mtu aje na kofia mkononi kumwambia amekufa.

Lakini lile swali alibaki nalo. Kuanzia siku ile hakutoka katika ofisi yoyote bila kulisema. Kwa chifu, kwa zahanati, kwa karani wa ushirika wa pamba, akishamaliza shida iliyompeleka alikuwa akisimama pale pale na kusema, "Na ni nini sijauliza?" Wengine walimcheka. Wengine, na ni wengi kuliko nilivyotazamia, walikaa wakafikiri, wakamwambia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Wanawake wa sokoni wakaliiga. Mke wa fundi wa baiskeli akaliiga. Haukupita muda kila aliyeingia katika kituo kile alikuwa nalo, na muuza ndizi alituambia kwamba Koplo sasa akisema "Una lingine?" huwa ameshakunja uso, kwa sababu anajua linalokuja. Aliwajibu wote jibu moja, kwamba hilo si swali la polisi. Baadaye kidogo akahamishwa, nasikia kwa kuomba mwenyewe, akapelekwa upande wa Meru, na huko akastaafu.

Mimi nami niliishia Meru. Chuo hakikuniita, lakini hospitali moja huko ilikuwa ikitafuta makarani, na miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa nimekaa nyuma ya dirisha la mapokezi, nikiandikisha wagonjwa wenye makoti mazito na lafudhi ambayo ilinichukua muda kuizoea. Wanauliza yale yale. Daktari yupo? Kadi ikipotea? Nianzie wapi? Dirishani kwangu hakuna aliyewahi kuondoka na nusu ya jibu. Hilo sijisifii, ni hasira inayonifanya hivyo.

Alikuja asubuhi ya baridi, katikati ya foleni. Nilivitambua viatu kwanza, maana vilikuwa vinang'aa katika matope ya Meru kama vilivyong'aa katika vumbi letu. Alikuwa amekonda, kofia ya kawaida kichwani, macho yamefunikwa na utando mweupe. Alikisogeza kichwa upande kunitafuta, lakini hakunitambua. Akaweka viganja viwili kwenye ubao wa dirisha.

"Daktari wa macho yupo?"

"Hayupo leo," nikasema. Na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikanyamaza hapo.

Hakusumbuka. Yeye alikuwa bingwa wa mchezo huo. "Anakuja siku gani?"

"Alhamisi."

"Nije na nini?"

"Kadi, na barua ya zahanati ya kwenu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akiyaweka majibu mahali pake. Nilidhani amemaliza. Nilikuwa tayari kumwita wa nyuma yake. Ndipo akainama karibu na kioo, na kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka foleni isikie, akasema, "Na ni nini sijauliza?"

Swali la mama yangu, alilolilipia kwa boma zima na kwa maisha ya mwanawe, limebebwa hadi huku, na mdomo ulioliita si swali la polisi ndio unaolitumia. Nilitaka kumwambia hilo si swali la hospitali. Lilifika hadi kwenye meno.

Lakini nilimjibu. Nilimwambia awahi, kwa maana daktari huyo huona wachache na kuondoka. Nilimwambia atatiwa dawa itakayomtia giza kwa saa kadhaa, basi asije peke yake, aje na mtu wa kumshika mkono hadi nyumbani. Nilimwambia kuna wazee wanaosamehewa malipo, na ofisi ya kuombea hilo ni ile yenye mlango wa kijani, wala wenye ofisi hawalisemi usipowauliza. Nilimwambia kila kitu nilichokijua juu ya macho katika jengo lile. Alisikiliza wima, bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza zamani.

"Ahsante, binti," akasema. "Mungu akubariki. Wengine hawasemi."

"Kuna moja bado hujauliza," nikasema.

"Lipi?"

"Hujauliza habari ya mama yangu."

Aliyainua yale macho yake meupe, akayapeleka kule sauti yangu ilikotoka, na nikaona uso wake ukitafuta, ukitafuta, mpaka ukafika. "Wewe ni wa kule chini," akasema. "Wewe ni binti wa mama wa mbuzi."

"Ndiye mimi, Koplo."

Aliivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili kifuani, namna ile ile aliyokuwa akiishika alipokuja kutuambia mmoja mwingine amekufa. Nyuma yake foleni ilikuwa inanung'unika, mtoto analia, mtu anauliza kwa Kimeru kuna nini huko mbele. Sikujali. Nilimngoja. Mama yuko hai, anaishi, anapika uji wa wimbi, anakaa mlangoni jioni akitazama boma tupu, na ningemwambia yote hayo, na ya Njeru pia, na pengine kwa kuyasema mbele yake ningepumua. Ilikuwa imebaki yeye kufungua mdomo.

Alivaa kofia yake vizuri, akaisawazisha kwa vidole. Akaondoka kwenye ubao wa dirisha, akaugusa ukuta, akaufuata ukuta polepole hadi mlangoni, na vile viatu vyake vinavyong'aa vikashuka ngazi.

Hakuuliza.